Akuaponiki kwenye tangi la lita 1000: samaki wangapi, na nianze na nini?

maji_na_majani:

Wakuu, salaam. Nataka kuanza akuaponiki ndogo nyumbani, samaki chini, mboga juu, maji yanazunguka. Mpango uko hivi: nachukua tangi la plastiki la mraba la lita 1000, lile lenye kizimba cha chuma, nakata sehemu ya juu iwe kitanda cha mboga, na sehemu ya chini inabaki ya samaki. Nategemea perege 60, kokoto nyeupe zile za kupambia bustani, na pampu iliyoandikwa lita 1000 kwa saa. Mboga ni saladi, spinachi, mnanaa na nyanya chache. Maji ni ya bomba.

Je, samaki 60 ni wengi? Pampu inatosha? Na samaki na miche niviweke siku moja au kuna cha kutangulia? Naomba majibu yenye vipimo, maana kila ninapouliza naambiwa "inategemea".

Kokoto20:

Mkuu, acha kuhesabu samaki, hesabu chakula. Mboga hazijui una samaki wangapi. Zinachokipata ni nitrojeni, na karibu yote inaingia kupitia mlango mmoja tu: kile chakula unachowamwagia samaki kila siku.

Kwa kitanda cha kokoto, mboga za majani zinahitaji gramu 40 hadi 50 za chakula cha samaki kwa siku kwa kila mita moja ya mraba. Za matunda, kama nyanya na pilipili, ni gramu 50 hadi 80. Utakutana pia na kipimo cha gramu 60 hadi 100. Hicho kinatokana na kazi ya James Rakocy na wenzake katika Chuo Kikuu cha Visiwa vya Virgin, ambako mboga zilielea kwenye maboya na kinyesi kigumu kilichujwa na kutolewa nje. Kwako kinyesi kitabaki kwenye kokoto na kuoza humo humo, kwa hiyo shika kipimo cha chini.

Tangi la aina hiyo ukilikata unapata kitanda cha takriban mita 1.1 za mraba. Basi unahitaji gramu 45 hadi 55 za chakula kwa siku. Perege aliyezidi gramu 50 hula kati ya asilimia 1 na 2 ya uzito wake kwa siku, tuchukue 1.5. Gramu 50 ugawe kwa 0.015 unapata kilo 3.3 za samaki. Wakiwa na gramu 200 kila mmoja, hao ni 16 au 17. Weka 20, maana wawili watatu huenda wasifike.

Sasa angalia 60. Wakifika gramu 400 ni kilo 24 ndani ya lita kama 600 zitakazobaki chini ukishakata tangi. Kikomo cha busara kwa mfumo mdogo ni kilo 20 kwa lita 1000, tena hewa ikiwa ya kutosha, kwa hiyo kwako ni kilo 12. Ukizidisha maradufu, siku pampu ikizima oksijeni itaisha kabla hujajua fyuzi iliyoungua iko wapi. Hata hao 20 wakishakua watapita kiasi cha chakula ambacho kitanda kinaweza kusafisha. Wakifika gramu 300 hivi anza kuvua wakubwa, usingoje wote wakue ndipo uvue kwa mkupuo. Na tafuta vifaranga vya dume watupu, la sivyo baada ya miezi michache utakuwa na mamia ya vidogo wanaokula na hawakui.

Kokoto nyeupe ziache mpaka uzipime. Nyingi ni marumaru au mawe ya chokaa. Tia chache kwenye siki: zikitoa povu, usizitumie. Zitavuta pH (kipimo cha asidi ya maji) juu ya 7.5 na kuishikilia huko, na madini ya chuma mmea hautayapata hata ukiyamwaga. Unataka kokoto za volkano au za mto zisizotoa povu, ukubwa wa milimita 8 hadi 20, kina cha sentimita 30. Zikiwa ndogo kuliko hapo kinyesi kinaziba nafasi. Kubwa zaidi, eneo la bakteria linapungua na miche inayumba. Zioshe mpaka maji yatoke safi, la sivyo vumbi lake litakaa kwenye pampu na kwenye mashavu ya samaki.

Jambo ambalo wengi hawalipigii hesabu ni uzito. Lita 330 za kokoto za mto ni zaidi ya kilo 500, ongeza lita 130 za maji yanayojaa katikati yake. Hapo ni kama kilo 650 juu ya tangi. Kizimba peke yake kisibebe: pitisha mbao nene au tofali za saruji zinazofika chini, na usijenge juu ya roshani wala dari bila mtu wa ujenzi kukagua.

FundiBomba:

Nichukue upande wa mabomba.

Pampu ya "lita 1000 kwa saa" inatoa hizo lita pale tu maji yasipopanda hata sentimita moja. Soma namba ya pili kwenye boksi, urefu wa juu kabisa. Kama ni mita 2 na wewe unapandisha maji mita 1.2, kadiria utapata asilimia 40 tu, yaani lita 400. Lengo ni maji yote ya tangi, lita 600, yazunguke mara moja kila saa. Chukua ya lita 1500 yenye urefu wa mita 2.5 au 3, kisha weka koki na njia ya pembeni inayorudisha ziada kwenye tangi. Maji hayo ya ziada yakianguka yanaingiza hewa, hakuna hasara.

Usikate kitanda kifupi kuliko sentimita 35. Kokoto zichukue 30, bomba la wima la kutolea maji liwe na urefu wa 25, ili sentimita 5 za juu zibaki kavu daima. Zikilowa zitaota mwani, na mashina ya saladi yataoza shingoni.

Kitanda kikijaa na kumwaga, lita kama 110 zinapanda na kushuka, na tangi lako linashuka sentimita 10. Kwa kitanda kimoja hilo halina shida. Ukiongeza cha pili, tangi litashuka 20 kila mara na samaki watasumbuka. Hapo ndipo unahitaji tangi la tatu la kukusanyia maji.

Sifoni ya kengele, ile inayomwaga kitanda yenyewe kila kikijaa: bomba la wima milimita 25, juu yake upanuo wa milimita 40 kama mdomo wa tarumbeta. Kengele ni bomba la milimita 63 lililozibwa juu pasipitishe hewa hata chembe, na nafasi ya sentimita 2 hadi 3 kati ya kifuniko na mdomo wa bomba la wima. Chini ya kengele kata meno ya sentimita 2, hayo ndiyo yanayoingiza hewa na kukata mvuto. Zungushia bomba la milimita 110 lenye matundu ili kokoto zisiingie na uweze kuitoa kengele kuisafisha.

Ina magonjwa mawili. La kwanza: maji yanafika juu, yanachuruzika, sifoni haiwaki. Mtiririko ni mdogo, au kifuniko kinavuja hewa. Ongeza maji, au weka kiwiko mwishoni mwa bomba la kutolea ili maji yajae ndani yake. La pili: sifoni imewaka na haikatiki, kitanda kinabaki na maji kidogo chini bila kujaa tena. Mtiririko ni mkubwa, maji yanaingia sawa na yanavyotoka. Punguza kwa koki, robo mzunguko kwa wakati mmoja.

Mnanaa uupande kona ya mbali kabisa na sifoni. Mizizi yake itaifuata.

Tusisahau metali. Hakuna shaba, hakuna bomba la mabati, hakuna koki ya shaba nyeupe mahali popote maji yanapopita. Shaba na zinki huua samaki kwa viwango vidogo sana. Tumia plastiki au chuma cha pua.

Nitriti_Sifuri:

Fundi kaeleza vizuri, ila mimi kwa anayeanza ningeacha sifoni. Weka bomba la wima, toboa matundu mawili ya milimita 6 karibu na chini, na saa ya umeme: pampu dakika 15 inafanya kazi, 45 inapumzika. Kitanda kinajaa hadi juu, kinamwaga taratibu pampu ikizima. Hakuna cha kurekebisha.

Sasa swali la tatu, ambalo ndilo linaloua samaki wengi kuliko yote: HAPANA, usiweke samaki siku ya kwanza. Samaki hutoa amonia. Kundi la kwanza la bakteria hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, chakula cha mboga. Makundi hayo hayapo kwenye kokoto mpya. Katika maji ya nyuzi 25 hadi 28 yanachukua wiki 4 hadi 6 kujijenga, na chini ya 20 yanachukua muda zaidi.

Utaratibu ni huu. Jaza maji, washa pampu na hewa siku mbili. Unakagua uvujaji, na klorini inaruka. Lakini kama wanaosambaza maji wanatumia kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia), haitaruka hata ukingoja wiki. Tumia vitamini C safi ya unga: gramu 2.5 kwa lita 1000 kwa kila miligramu 1 ya klorini kwa lita. Kumbuka kloramini ikivunjwa inaacha amonia kidogo, kwa hiyo baadaye samaki wakiwamo usijazie maji mengi kwa mara moja.

Kisha lisha bakteria bila samaki. Amonia kloridi gramu 4.5 kwa lita 600 inakupa takriban miligramu 2 kwa lita. Iyeyushe kwenye ndoo kwanza. Pima kila baada ya siku mbili kwa kifaa cha matone, si vile vijiti vya kuchovya, havionyeshi tofauti ndogo. Amonia ikishuka karibu na sifuri, rudisha kwenye 2. Usipitishe 4, bakteria wenyewe watalemewa. Utaona nitriti inapanda sana, inakaa juu siku kadhaa, halafu inaporomoka ghafla. Mfumo umekomaa siku utakapotia dozi ya 2 na kesho yake saa ile ile amonia na nitriti zote zisome chini ya 0.25.

Miche ya majani iingie mara tu nitrati inapoonekana, kwa kawaida wiki ya tatu au ya nne. Osha udongo wote kwenye mizizi. Saladi na spinachi 20 hadi 25 kwa mita ya mraba. Nyanya zingoje miezi mitatu, mfumo mpya hauna potasiamu wala kalsiamu ya kutosha kubebesha matunda.

Samaki wakifika, acha mfuko wao uelee juu ya maji ya tangi dakika 20, ongeza maji ya tangi kidogo kidogo, kisha waachie. Siku hiyo wasile. Wiki ya kwanza gramu 15 kwa siku zinatosha, upandishe taratibu mpaka ufike 50. Kisicholiwa ndani ya dakika 30 kitolewe. Chakula kiwe cha kuelea, chenye protini asilimia 30 hadi 32 kwa perege wa kukuza. Vifaranga wadogo wanataka zaidi ya 35.

FundiBomba:

Kwenye saa ya umeme sikubaliani. Dakika 45 pampu imezima, oksijeni yote inategemea jiwe moja la hewa. Mtu asiyejua kusoma dalili atakuta samaki wote wamepanda juu wanahema midomo wazi. Na pampu za bei ya chini zinakufa haraka kwa kuwashwa na kuzimwa mara 24 kwa siku.

Nitriti_Sifuri:

Ndiyo maana hewa si ya hiari, kwa saa au kwa sifoni. Kwa lita 600 weka pampu ya hewa ya lita 5 kwa dakika, mawe mawili, yenye betri ya akiba inayowaka umeme ukikatika. Oksijeni isishuke chini ya miligramu 5 kwa lita. Maji ya moto hubeba oksijeni pungufu, kwa hiyo siku za joto kali ndizo za kuangalia. Umeme ukikatika usilishe kabisa. Samaki aliyeshiba anatumia oksijeni nyingi kuliko mwenye njaa.

maji_na_majani:

Shukrani sana wakuu. Nimepunguza samaki hadi 20, na kokoto nitazipima kwa siki. Mengine mawili. Maji yangu ya bomba yana pH 8. Niishushe kwa ndimu? Na mfumo ukishaenda, nikiona majani yana manjano, nitajuaje kama ni chakula kidogo au ni kitu kingine?

Kokoto20:

Ndimu hapana. Asidi yake inaua bakteria, na baada ya siku mbili pH inarudi ilikokuwa. Ukiwa kwenye wiki za kukomaza, 8 iache, bakteria wanaipenda. Kazi yao yenyewe inatoa asidi, na miezi ikienda utaiona inashuka bila wewe kugusa kitu, ili mradi kokoto si za chokaa. Unakotaka kufika ni 6.8 hadi 7.0. Mboga zingependa chini zaidi, bakteria juu zaidi, samaki wanavumilia vyote viwili, na hapo katikati ndipo wanapokutana.

Ila samaki wasiingie na amonia ikiwa juu kwenye pH hiyo. Kwa nyuzi 25, amonia yenye sumu ni chini ya asilimia 1 ya ile unayoipima kama pH ni 7, lakini ni zaidi ya asilimia 5 pH ikiwa 8. Kipimo kile kile cha 2 kinakuwa sumu karibu mara kumi. Mtu anaweza kuapa maji hayajabadilika, na kweli amonia haijabadilika, kilichopanda ni pH.

Shida ya baadaye ni kinyume chake, pH kushuka chini ya 6.5. Bakteria wanapunguza kasi, na karibu na 6 wanasimama kabisa, amonia inaanza kupanda. Pandisha kwa chokaa iliyozimwa wiki hii na potasiamu kaboneti wiki ijayo, kwa kupokezana, maana moja inaleta kalsiamu na nyingine potasiamu, na chakula cha samaki kina upungufu wa zote mbili. Kwa lita 600 anza na gramu 3 kwenye ndoo ya maji, mimina polepole mbali na samaki, pima kesho. Usipandishe zaidi ya 0.3 kwa siku. Magadi ya kuokea usiyazoee, sodiamu yake haina pa kwenda na inajikusanya mpaka mboga zinaungua.

Manjano, angalia ni majani gani. Majani machanga yakiwa manjano na mishipa imebaki kijani, ni chuma. Majani ya zamani yakififia yote, machanga yako sawa, ni nitrojeni: pima nitrati, ikiwa chini ya 5 ongeza chakula. Majani ya zamani yakiungua kingo, ni potasiamu. Ncha za majani machanga ya saladi zikinyauka na kuwa za kahawia, au nyanya zikioza kitako, ni kalsiamu.

Chuma utakihitaji hakika, karibu hakimo kwenye chakula cha samaki kwa kiasi cha kutosha. Nunua kile kilichofungwa kwa DTPA, kemikali inayokishikilia chuma kibaki kimeyeyuka, kinachovumilia hadi pH 7.5. Cha EDTA kinaachia chuma mapema pH ikipita 6.5. Lenga miligramu 2 kwa lita kila wiki tatu: bidhaa yenye chuma asilimia 11, kwa lita 600 ni gramu 11. Misumari yenye kutu haisaidii, chuma chake hakiyeyuki kwenye pH hiyo.

saladi_tupu:

Nauliza hapo hapo: nitriti ikipanda wakati samaki wameshaingia? Nasikia chumvi.

Nitriti_Sifuri:

Chumvi inafanya kazi, lakini si kwa kuondoa nitriti. Kloridi inashindana nayo kwenye mashavu ya samaki isiingie kwenye damu. Gramu 1 kwa lita inatosha, kwa hiyo gramu 600 za chumvi isiyo na madini joto, ziyeyushwe na kugawanywa kwa siku mbili. Saladi itastahimili kwa muda, stroberi na maharage hayatapenda. Chumvi haitoki mpaka ubadilishe maji, basi usiirudie kila mwezi.

Kabla ya chumvi, simamisha chakula siku mbili tatu na badilisha theluthi ya maji. Halafu tafuta chanzo. Nitriti kwenye mfumo uliokwisha komaa ina maana kuna kitu kimewagonga bakteria: umeosha kokoto kwa maji ya bomba yenye klorini, pH imeanguka, kuna samaki aliyekufa chini ya bomba, au uliongeza samaki wengi siku moja.

saladi_tupu:

Na dawa ya vidukari?

Nitriti_Sifuri:

Dawa yoyote inayopuliziwa juu itaishia kwenye tangi. Pareto ni ya asili na inaua samaki haraka. Sabuni inaharibu mashavu yao. Vidukari vioshe kwa maji yenye msukumo, asubuhi, upande wa chini wa majani. Kwa viwavi kuna unga wa Bacillus thuringiensis, huo samaki hawaujali. Jani lililoshambuliwa sana likate, ukitaka watupie samaki.

FundiBomba:

Moja la mwisho kwa mwenye uzi. Chora mstari kwa kalamu ya wino mzito pembeni ya tangi, usawa wa maji kitanda kikiwa kimemwaga. Kwa siku mfumo unapoteza asilimia 1 hadi 3 ya maji, kwako lita 6 hadi 18. Ukiona zaidi ya hapo, kagua viungio na ukingo wa kitanda upande wa sifoni, mizizi ikiziba maji hupita juu usiku. Na ukuta wa tangi upake rangi nyeusi kisha nyeupe juu yake, acha ufito wa sentimita 3 bila rangi pale penye mstari ili uone. Funika juu kwa wavu. Perege anaruka.